Mtoto Aliyekausha Sambaza

Jumanne ya pili ya mvua za Oktoba, Anonciata alitandika gauni la shule lililoloa juu ya miguu ya binti yake, akakaa kumenya viazi. Hakufikisha kiazi cha sita, gauni likawa limekauka, na pindo lake limeanza kugeuka rangi kama nguo iliyopigwa pasi na mtu mwenye haraka. Alilitoa, akalikunja, akaweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, akauondoa upesi.

"Uko na moto," alisema.

"Niko na baridi," alijibu Iriza, aliyekuwa na miaka minane na alipenda kumrekebisha mama yake.

Ulikuwa mwaka 1998, mwaka ambao vita vya pili vya Kongo vilianza ng'ambo ya ziwa. Gasana, mume wa Anonciata, alivuka mwezi wa nane kuendesha lori la jeshi. Tangu hapo habari za lori zilisikika mara moja. Za dereva, hapana. Pale kilimani Nkanka wao waliitwa waliorudi: Wanyarwanda waliozaliwa Bukavu, wakakulia Bukavu, wakarudi kwao baada ya mauaji ya 1994 kwisha na kupewa kiwanja juu kidogo ya ziwa. Kiswahili chao kilikuwa kingi kuliko Kinyarwanda chao. Majirani waliwajibu kwa Kiswahili hicho hicho cha sokoni, kwa upole, kama mtu anavyompa mgeni kiti kilicho karibu na mlango.

Mwaka ule pia kulikuwa na kipindupindu. Redio ilisema ugonjwa huo unaizunguka dunia nzima na kwamba watu wa ziwani hawako peke yao. Habari hiyo haikumsaidia mtu yeyote Nkanka.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Uwanjani kwake shirika moja la kigeni lilisimamisha hema jeupe, likaleta serumu, yaani maji ya dripu, sabuni, klorini na vitanda vyenye tundu katikati la kuharia. Mwenye kipindupindu alitibiwa bure. Manesi wa kituo walikuwa wanne, na watatu walihamia hemani. Wa nne, Sibomana, aliachiwa magonjwa mengine yote ya binadamu, akayapokea katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Dawa za magonjwa hayo mengine zilipungua, kwa sababu magari yalijaa serumu, na kila zilipopungua karatasi ya bei iliyobandikwa mlangoni ilibadilishwa. Wajawazito wakaanza kujifungulia nyumbani. Wenye vidonda wakavifunga na majani. Wengine waliogopa tu hema, maana jirani mmoja aliingia pale na kikohozi akatoka na kuhara. Watu waliendelea kuugua kama zamani, ila kituoni hawakuonekana, na kwenye ripoti iliyobandikwa ukutani iliandikwa kwamba malaria imepungua.

Jumatano Anonciata alienda kuuliza, peke yake, kwa sababu hakutaka kumpitisha mtoto karibu na hema bure. Sibomana alimsikiliza kupitia dirisha.

"Anahara?"

"Hapana."

"Anatapika?"

"Hapana, docta. Moto tu. Anakausha nguo."

Sibomana aliandika: moto, anakausha nguo. "Basi ni malaria. Kwinini iko, lakini ni ya kulipa. Soma pale ku mlango."

Anonciata alikuwa amemaliza darasa la sita. Alisoma karatasi mara mbili. Bei ya kwinini pamoja na kitanda ilikuwa bei ya mbuzi na mtoto wake, na yeye mbuzi hakuwa naye.

"Na bale ba mu hema?"

"Bale ni bure. Kama mutoto wako alikuwa anahara, maman, tungemupokea leo leo, na sabuni tungekupa." Alisema hivyo bila ubaya. Alikuwa amechoka, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa klorini.

Aliporudi nyumbani alimkuta Vénantie, jirani yake, ameketi karibu na kitanda cha Iriza. Vénantie aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani wasiozidi kidole. Lakini tangu ugonjwa uanze wakuu wa tarafa walikataza samaki mbichi sokoni. Waliokauka tu ndio waliruhusiwa. Jua halikuwepo. Kuni hazikuwepo pia, kwa sababu vilima vilinyolewa vyote mwaka wa kambi za wakimbizi. Basi wanawake wa Nkanka walikuwa wananunua samaki ufukweni alfajiri na kuwatupa jioni, na watoto wao walikuwa wameanza kula mara moja kwa siku.

Vénantie alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alitua kikapu chake chini ya kitanda, wakaanza kuongea na mtoto, na kilipopita kitambo kidogo akasikia samaki wanalialia kama majani makavu.

"Maman Iriza," alisema, "angalia."

Anonciata aliangalia. Sambaza wote walikuwa wamekauka sawasawa, wenye rangi ya fedha, bila hata nzi mmoja.

"Naona," alisema.

"Kesho nitaleta bingine. Nitakuachia kintu ya dawa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ijumaa walikuja wanawake sita, na Jumatatu walikuwa kumi na tisa. Walitandika mikeka kumzunguka Iriza, wakamwaga samaki, wakakaa nje barazani kusubiri, mvua ikinyesha mbele ya magoti yao. Samaki wa karibu na kichwa walikauka kwa muda wa kusali rozari moja. Wale wa miguuni walichelewa, kwa hiyo watu waligombania kichwa. Kila mmoja aliacha pesa kidogo ya dawa ndani ya kopo la maziwa. Kilimani watu wakaweza kununua makaa, moshi ukarudi juu ya nyumba, watoto wakaanza kula tena asubuhi na jioni, na padre akamtaja Iriza katika maombi, baada ya wakulima na kabla ya wanajeshi.

Iriza mwenyewe alikuwa na neno kwa kila mtu.

"Tante Vénantie, samaki zako zinanuka kuliko za bengine."

"Ni wewe unanuka, ee jiko yangu."

"Jiko inalipwa kila siku. Mimi unanilipa nini?"

"Nitakununulia viatu."

"Nunua sasa. Miguu ndiyo iko na baridi."

Wanawake walicheka barazani. Anonciata alicheka pia, kisha akaingia ndani kumpa maji. Aliona kwamba midomo ya mtoto imepasuka na kwamba mifupa ya mabega imetokeza. Usoni alikuwa mzuri, anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Anonciata alilitikisa kopo la maziwa, akajiambia siku tatu tu, litatosha.

Zilipotimia siku tatu alienda kituoni na kopo lake limefungwa ndani ya kitenge. Mlangoni alikuta karatasi mpya. Alisimama mbele yake, mvua ikimpiga mgongoni.

"Hii si ile ya juzi," alisema.

"Si mimi nilibadilisha," alisema Sibomana. "Inakuya vile, imeshaandikwa."

"Chukua hii, nitaleta ingine."

"Nikichukua nusu nitakupa nusu ya dawa, maman. Nusu ya dawa inafundisha malaria akili."

Akarudi na kopo lake. Njiani alipishana na wanaume wanne waliobeba mtu kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusukwa ambacho watu wa kilima hubebea wagonjwa mabegani. Walikuwa wanakimbia. Aliyebebwa alikuwa wa kipindupindu, maana wa kipindupindu walikimbizwa: shirika liliwapa wabebaji buti na sabuni. Anonciata aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

Vénantie ndiye aliyelisema, jioni hiyo, huku akikusanya samaki wake, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Kama angekuwa nayo kolera, angelala ku kitanda ya bure. Na kule kule bangeona na ile malaria."

"Nyamaza, Vénantie."

"Minasema tu. Maji iko pale chini."

Anonciata aliwaza siku mbili. Alhamisi asubuhi alishuka ziwani mpaka penye bendera nyekundu, mahali palipokatazwa kuchota, akachota kikombe kimoja cha bati, akakifunika na kiganja. Alipanda nacho polepole kama mtu anayebeba mafuta. Aliketi kitandani, akamwinua mtoto shingo, akafanya ishara ya msalaba, akamwekea kikombe mdomoni.

Maji yalichemka. Yalichemka yalipogusa midomo, yakatoa povu dogo na mvuke.

"Ni chai?" Iriza aliuliza.

"Ni chai."

"Haina sukari."

Alijaribu tena, na tena mara ya tatu, akikitoa kikombe na kukirudisha. Kila mara maji yalichemka kabla hayajapita meno. Na maji yaliyochemka hayana kipindupindu. Mwaka ule hata mtoto wa darasa la kwanza aliimbishwa hivyo shuleni. Anonciata alimwaga yaliyobaki nje, akaosha kikombe kwa majivu, akaosha mikono yake, akaiosha tena. Mambo hayo hakumwambia mtu. Mama anayeyasikia leo ayasikie vizuri: mlango ukiwa mmoja tu, mtu anafika mahali pa kumtafutia mtoto wake ugonjwa wa kuingilia.

Wiki iliyofuata kopo lilijaa kwa bei mpya. Sasa shida ilikuwa njia. Iriza alikuwa hasimami tena, na saa mbili za kupanda na kushuka kwenye tope si kazi ya mwanamke mmoja. Anonciata alienda kwa Mzee Habumugisha, mwenyekiti wa chama cha ingobyi, aliyekuwa kwenye kiwanda chake cha kukamua ndizi pamoja na wanachama watatu.

"Ninaomba ingobyi, Mzee. Kwa mutoto. Pesa ya dawa ninayo."

Habumugisha alimpa kiti. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu hizo ndizo zilizofanya watu wa kilima wasife njiani miaka yote.

"Gasana alibeba mara ngapi?"

"Mara moja. Kisha alivuka."

"Sheria ni mara tatu. Nyumba ikibeba mara tatu, nayo inabebwa. Wewe unajua."

"Ninajua. Mimi nitabeba mara hizo mbili."

Wanaume walitazamana. Mwanamke habebi ingobyi. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa.

"Nitatoa pombe," alisema Anonciata. "Mitungi miwili."

"Na tukimubeba ule mutoto, mabega yetu itaiva kama muhogo," alisema mmoja wao, na wote wakacheka. Anonciata alicheka kidogo nao, kwa heshima.

Habumugisha hakucheka. "Sikiliza, Maman Iriza. Sheria inaweza kupinda. Lakini leo ni Alhamisi. Soko kubwa ni Jumapili. Samaki ya kilima kizima iko kwako, na ya bibi yangu pia. Tukimutoa mutoto leo, bale batu batakula nini? Ngoja Jumatatu. Jumatatu asubuhi minakuletea banaume bane, na pombe sitaki."

Ilikuwa ahadi nzuri, na haikumgharimu kitu. Anonciata alikuwa bado anahesabiwa mgeni, na hao ndio waliokuwa wanazika watu pale kilimani. Alikubali. Alisema asante mara mbili.

Ijumaa Iriza hakumtania mtu. Jumamosi alimwita mama yake kwa jina la mwalimu wake, akaomba ruhusa ya kutoka nje. Kabla ya saa sita mchana samaki waliokuwa karibu na kichwa walianza kuungua.

"Maman Iriza, leo moto ni mingi," alilalamika Vénantie kutoka barazani. "Unaniharibia samaki."

Anonciata aliingia, akatazama, akachukua kopo, akakata majani mapana ya mgomba nyuma ya nyumba na kuyalowesha. Aliyafunga mgongoni mwake kwanza, kisha akainama, akampandisha mtoto.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Sibomana."

"Na Jumatatu?"

"Ninaenda sasa."

"Basi ngoja tutoe samaki," walisema wanawake, "utazikanyaga."

Akasubiri. Mikeka ilikuwa mingi, na kila mmoja alitaka kuhakikisha kikapu ni chake. Ilichukua muda. Anonciata alisimama katikati ya chumba akiwa ameinama, mikono nyuma, na majani ya mgomba yakisinyaa polepole kati yake na binti yake. Alipotoka mvua ilikuwa imezidi. Ilimwangukia mtoto na kupanda tena ikiwa mvuke, kiasi kwamba watu waliokutana nao njiani walisogea kando kupisha wingu, kisha wakasalimia.

Kitenge kilianza kunuka moto kwenye kijito cha kwanza. Akakilowesha, akaendelea. Ngozi yake ya mgongo ilikuwa inaungua, naye alikuwa akiisemesha kama mtu anavyosemesha ng'ombe mlimani: bado kidogo, bado kidogo. Aliuliza, "Iriza, unasikia?" na mtoto akajibu "Present," kama darasani. Kwenye kijito cha pili kitenge hakikukauka tena. Walipofika kwenye mikaratusi mvuke ulikuwa umekatika, na mvua iliwalowesha wote wawili kwa kawaida.

Anonciata alifurahi. Alifikiri moto umeshuka. Alifikiri labda umeogopa pesa zilizomo kwenye kopo. Alitembea haraka zaidi, akamweleza Iriza kuhusu viatu, rangi yake na kifungo chake, na kwamba watavinunua bila kumngoja Vénantie.

Kwenye lango la kituo mlinzi aliwapulizia klorini miguuni, ya mama ikiwa chini na ya mtoto ikining'inia. Sibomana aliwaingiza kwenye stoo ya mafagio. Aliweka mkono kwenye shingo ya Iriza, akauacha hapo.

"Huyu hana moto," alisema.

"Ndiyo, docta. Ulishuka njiani. Sasa dawa itamukuta na nguvu. Pesa ni hii."

"Maman." Sibomana alikaa chini. "Hana moto, na hana kintu kingine."

Nje, kwenye hema, mtu aliomba ndoo. Anonciata alishika kopo kwa mikono miwili. Sibomana akamuuliza kama mtoto alikuwa amehara, hata mara moja, hata jana, maana waliokufa kwa kuhara walipewa sanda na shirika. Anonciata alifikiri vizuri, akasema hapana. Sibomana akaandika: malaria, alifika bila homa. Kwinini hakumlipisha. Alimlipisha kadi, kwa sababu kadi ilikuwa lazima kwa kila anayepita mlangoni.

Kuhusu maiti, chama kilikuwa na sheria nyingine: maiti hubebwa bila kuuliza nyumba ilibeba mara ngapi. Wanaume wanne walikuja jioni ile ile na ingobyi, Habumugisha akiwa mbele. Walisema mtoto ni mwepesi, tena wa baridi. Walimzika Jumapili baada ya misa, mapema, ili watu wawahi soko.

Siku ya tatu ya matanga Anonciata alishindwa kulala chali. Mkeka ulikuwa unatoa moshi. Alijilaza kifudifudi, na Vénantie alipokuja kumpa pole na kutua kikapu chake, wote wawili walisikia samaki wanaanza kulialia. Moto wa mtoto ulikuwa umebaki pale alipobebwa, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, umbo lake kamili. Kisha Vénantie akaenda kwake kuleta mkeka mkubwa zaidi.

"Ni yeye anakusaidia," alisema.

"Ni yeye," alisema Anonciata.

Toka hapo wanawake walimwaga samaki wao juu ya mgongo wake, juu ya shuka jembamba, naye alilala kimya kuanzia asubuhi mpaka mchana. Chama cha ingobyi kilikaa kikao na kuandika kwamba nyumba yake imetimiza mara tatu za kubeba. Mwezi wa pili kipindupindu kiliondoka kwenda kwa wengine. Shirika lilikunja hema lake na kuondoka na vitanda, na manesi watatu walihamishiwa mjini. Sibomana alibaki kwenye stoo ya mafagio. Karatasi ya mlangoni haikushushwa bei. Iliwekewa plastiki isiloe.

Mvua za Machi zilipoanza, asubuhi moja Vénantie alichelewa. Alifika bila kikapu, akasimama mlangoni akipangusa miguu. Anonciata alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umejaa samaki wa nyumba saba.

"Nshuti hakulala vizuri," alisema Vénantie. Nshuti alikuwa kitinda mimba wake, mwenye miaka mitano.

"Anahara?" aliuliza mmoja wa wanawake.

"Hapana. Ni moto tu. Nguo yake imekauka ku mwili."

Anonciata aliinua kichwa.

"Mupeleke leo," alisema. "Vénantie, unanisikia? Usingoje soko. Mubebe sasa hivi, mimi nitakusindikiza." Akaegemeza viganja chini ili anyanyuke.

"Eh! Maman Iriza, usisogee," walisema wanawake kwa pamoja, na wawili wakamshika mabega, taratibu, kwa upendo. "Samaki itamwagika."

Alibaki vile, nusu ameinuka. Samaki wachache waliteleza ubavuni, na mtu akawaokota mmoja mmoja, akawarudisha. Vénantie alitazama mvua, akatazama mikeka, akasema ataenda kesho, au kesho kutwa, kwanza aone. Kisha akatoka.

Kabla ya saa sita, mtu alikuwa ameshapeleka mkeka wa samaki nyumbani kwa Vénantie.